Kufungua Muziki: Miaka Mia ya Kujifunza Kucheza Nachingwea na Ruangwa

Katika harusi nyingi za Nachingwea na Ruangwa siku hizi kuna dakika mbili tatu ambazo hazina mwenyewe. Mzee wa ukoo hazisimamii, shehe au padri haziongozi, na desturi ya mababu haina neno juu yake. Ni pale mshereheshaji anapowaita bwana na bibi harusi wafungue muziki. Wimbo unawekwa, simu zinainuliwa, na watu wawili waliokwisha kuvishana pete na kulishana keki wanasimama uso kwa uso mbele ya wajomba, mashangazi, majirani na wafanyakazi wenzao, wakitakiwa wacheze. Wapo wanaocheza vizuri mpaka ukumbi ukasimama. Wapo pia wanaoshikana mikono wakayumba kushoto na kulia, macho chini, mpaka wapambe wanawaonea huruma na kuingia kuwasaidia.

Aibu hiyo hunishangaza kwa sababu ya mahali inapotokea. Nchi hii iliyo kati ya mto Mbwemkuru na mto Lukuledi, nchi ya Wamwera na pamoja nao Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wangindo, ilikuwa na shule za ngoma muda mrefu kabla haijawa na shule ya ubao na chaki. Hapa hakuna aliyewahi kutarajiwa acheze bila kufundishwa. Kila ngoma mpya iliyoingia, iwe imetoka pwani, vitani, mashambani au kambini, ilikuwa na walimu wake, mavazi yake na muda wake wa mazoezi. Suti na wimbo wa mapenzi ni mambo madogo. Watu wa kusini wamevaa na kuimba mengi ya kigeni, wakayafanya yao. Jambo lililo jipya kabisa ni kwamba mume na mke wajifunze kucheza pamoja, wao wawili, kabla hawajaoana. Historia inaeleza kwa nini jambo hilo limechelewa, na inaonyesha vilevile kwamba kila kinachohitajika kulifanikisha kimekuwapo hapahapa.

Kwa Wamwera na jirani zao ukoo ulihesabiwa kwa mama. Mjomba ndiye aliyekuwa na sauti juu ya watoto wa dada yake, na kijana aliyeoa alihamia kwa wakwe zake, akalima, akajenga, akatazamwa. Ndoa ya namna hiyo haikuhitaji sherehe kubwa ya siku moja. Ilikua msimu baada ya msimu, na ubora wa mume ulionekana shambani na ghalani. Sherehe kubwa, ile iliyokusanya vijiji na kumaliza kuku na pombe, ilikuwa ya kuwatoa wali: wavulana waliotoka jando na wasichana waliotoka unyago. Ngoma kubwa ya maisha ya mtu ilichezwa kabla ya ndoa.

Nayo ilifundishwa. Mwali alikaa ndani chini ya kungwi na somo wake, akifundishwa usafi, heshima, kazi na mambo ya mume na mke. Mwili ulifundishwa pamoja na akili. Kiuno kilikuwa somo lenye hatua zake, la kurudiwa na kukosolewa, na mwali aliyekosea hakuchekwa akaachwa; alirudishwa mwanzo. Wavulana nao, huko porini, walikuwa na nyimbo na michezo yao chini ya wazee wao. Siku ya kutoka, kila kundi lilionyesha lilichojifunza mbele ya umma.

Lakini walijifunza mbalimbali. Mume na mke wa baadaye wangeweza kuwa wamehitimu msimu mmoja, katika vijiji viwili vilivyopakana, kila mmoja akiwa amefundishwa nusu yake ya somo moja, bila kucheza hata mara moja wakitazamana. Nusu hizo zilikutanishwa chumbani, kwa siri, na siri hiyo ilikuwa sehemu ya heshima ya ndoa. Anayetaka kuelewa kwa nini mzee wa Mnacho au wa Naipanga hukunja uso anapoona maharusi wamekumbatiana katikati ya ukumbi aanzie hapo. Mzee huyo hachukii ngoma. Amelelewa akijua kwamba ngoma ya wawili si ya macho ya watu.

Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig, alitua Lindi akapanda bara hadi Masasi na Newala, akiwa na mashine ya kunasa sauti na kamera ya sinema. Alinasa nyimbo na kupiga picha za ngoma za Wayao, Wamakua na Wamakonde, unyago ukiwamo, na mwaka 1908 akachapisha kitabu cha safari hiyo. Ni mtu wa kusomwa kwa tahadhari, kwa maana alitazama kwa macho ya dola iliyokuwa imetoka tu kuwapiga watu hao. Hata hivyo mashine zake zilibeba kitu ambacho maneno yake hayakukielewa vizuri: watu waliopata mafunzo ya miaka mingi, wakicheza mwaka mmoja tu baada ya vita kuwaka.

Vita vyenyewe ni vya Maji Maji. Mwishoni mwa Julai 1905 moto uliwaka kutoka milima ya Matumbi, ukafika bara ya Lindi. Askofu Mbenediktini Cassian Spiss aliuawa njiani kuelekea Liwale, na misheni za Lukuledi na Nyangao zikachomwa. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Wabenediktini walirudi wakajenga Ndanda mwaka 1906, na Waanglikana wa UMCA, waliokuwa Masasi tangu 1876, wakaendelea. Swali la ngoma likawa mezani kwao wote wawili. Wengi wa mapadri waliona jando na unyago kuwa giza la kuondolewa. Aliyejibu tofauti ni Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi tangu 1926 hadi 1944. Yeye aliona kwamba ukimnyima kijana jando umemnyima utu uzima, akaruhusu jando la Kikristo, lenye sala na baraka. Kwa upande wa wasichana kazi hiyo ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu masomo ya unyago yalikuwa mikononi mwa wanawake ambao hawakuwa na haja ya ruhusa ya askofu.

Kanisa lilileta harusi ya mchana, yenye shela na kengele, lakini halikuleta dansi ya maharusi. Lilileta kwaya. Uislamu, uliosambaa sana bara ya Lindi baada ya Maji Maji, ulileta twarika, zikiri na dufu, na viongozi wake walikuwa na mvuto kiasi kwamba mwaka 1908 barua iliyosemekana imetoka Makka iliwatia Wajerumani hofu ya uasi mwingine. Katika zikiri miili hutikisika kwa pamoja na pumzi huhesabiwa, lakini ni wanaume kwa wanaume. Nikaha ilisomwa barazani, wanawake wakawa na ngoma yao ndani. Kwa hiyo dini zote mbili, zilizotofautiana kwa mengi, ziliuacha mpaka wa zamani mahali pake: huku wanaume, kule wanawake.

Mpaka huo haukuguswa hata na Vita Kuu ya Kwanza, ingawa vita hivyo vilibadilisha kila kitu kingine. Kuanzia tarehe 15 hadi 18 Oktoba 1917, pale Mahiwa karibu na Nyangao, jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck na jeshi la Waingereza, wakiwamo askari kutoka Nigeria, yalipigana moja ya mapambano makali kuliko yote ya Afrika Mashariki. Mwezi uliofuata Wajerumani walivuka Ruvuma. Waliobeba mizigo ya pande zote mbili walikuwa watu wa nchi hii, na wengi hawakurudi makwao.

Waliorudi walirudi na beni. Ngoma hii ilikuwa imezaliwa pwani ya Kenya, Mombasa na Lamu, katika miaka ya 1890, kwa kuiga bendi za kijeshi. Askari na wapagazi waliieneza Tanganyika nzima, na mwanahistoria Terence Ranger aliieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1975. Vyama viwili vilitawala, Marini na Arinoti. Vilikuwa na vyeo, kuanzia mfalme na jenerali hadi daktari. Vilikuwa na sare, gwaride, siku za mashindano, na mfuko wa kusaidiana penye msiba. Serikali ya kikoloni ilivitazama kwa wasiwasi, ikashindwa kuamua kama ni mchezo au siasa.

Ninaamini kwamba kamati ya harusi ya leo ni mjukuu wa beni. Mwenyekiti, katibu na mhazini. Daftari la michango. Kitambaa kimoja kwa watu wote. Wapambe wanaoingia ukumbini kwa hatua zilizohesabiwa, mguu mmoja na mabega pamoja: hayo yote beni iliyafundisha. Ilifundisha pia kwamba ngoma ni jambo la kufanyiwa mazoezi jioni baada ya jioni na watu wenye kazi nyingine mchana. Kwa mtu anayesema kwamba mkulima wa korosho hana muda wa kujifunza hatua za dansi, beni ni jibu tosha.

Kisha ikaja karanga. Kabla ya 1947 Nachingwea haikuwa mji. Uingereza, iliyotoka vitani bila mafuta ya kupikia, iliamua kufyeka mapori ya Tanganyika ili ilime karanga kwenye ekari zaidi ya milioni 3, huko Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalishuka, bandari ya Mtwara ikajengwa, reli ikapelekwa hadi Nachingwea, na watu wa makabila mengi wakaja kutafuta mshahara. Mvua haikutii ratiba, udongo ulikataa mashine, na Januari 1951 serikali ya Uingereza ilikiri kushindwa, ikafuta hasara ya pauni milioni 36. Reli iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Mradi huo husimuliwa kama kichekesho cha wakoloni, na ndivyo ulivyostahili. Lakini kwa historia ya kucheza, karanga zilifanya kazi kubwa kuliko zilivyofanya kwa mafuta. Mahali palipokuwa na vijiji vya ukoo palitokea kambi za vijana wenye fedha taslimu, Jumamosi ya mapumziko, na wageni kutoka miji ambako dansi ilikuwa imeshakolea. Tanga na Dar es Salaam zilikuwa na klabu za dansi tangu miaka ya 1920 na 1930. Morogoro Jazz ilianza 1944, Cuban Marimba 1948. Santuri za GV, zilizoanza kutolewa 1933, zilisambaza muziki wa Kyuba Afrika nzima. Na mojawapo ya nyimbo zilizopendwa kupita zote, El Manisero, iliyorekodiwa New York na bendi ya Don Azpiazu mwaka 1930, ni wimbo wa muuza karanga. Sijui kama kuna mji mwingine Tanzania ambao wimbo huo ungeufaa zaidi.

Dansi ndiyo iliyouvunja mpaka. Katika waltz, foxtrot, rumba au chacha, mwanamume na mwanamke wanashikana, wanatazamana, na ustadi wa mmoja hautoshi. Kungwi angeweza kumfanya mwali kuwa bingwa bila kumhitaji mwanamume yeyote. Mwalimu wa dansi hawezi kufundisha nusu. Mmoja anaongoza, mwenzake anasikiliza kwa kiganja na kwa bega, na atakayekanyaga mguu wa mwenzake atajulikana papo hapo. Wazee walilalamika, wakiwa na sababu zao, kwa maana dansi ilionyesha hadharani kile ambacho unyago ulikuwa umekifunika. Vijana walienda. Hata hivyo waliocheza usiku ule wa Jumamosi mara nyingi hawakuwa mume na mke, na dansi ikabeba sifa mbaya ya ulevi na uhuni iliyochukua miaka mingi kuondoka. Mwanamke wa heshima wa miaka ya 1950 angeweza kujua hatua za rumba na bado asizicheze siku ya harusi yake.

Uhuru ulipokuja, mambo yaligeuzwa kwa makusudi. Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri, Julius Nyerere alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana, akasikitika kwamba watu waliosoma walijua rumba, chacha, twist na waltz huku wakiwa hawajui ngoma za kwao. Kikundi cha taifa cha ngoma kikaundwa, na ngoma ya Wamakonde, sindimba, ikatolewa vijijini ikawa ya taifa zima. Watoto wa shule wa Bukoba na Musoma walijifunza kukata kiuno kwa mapigo ya kusini. Namheshimu Nyerere kwa hotuba ile, lakini kwa kusini naona ilikuwa na pengo. Watu wa Nachingwea hawakuwa wamesahau ngoma yao. Walikuwa nazo zote mbili mkononi. Na sindimba ya jukwaani ilifanya jambo ambalo unyago haukulifanya: iliwaweka wanaume na wanawake mstari mmoja, wakijibizana, mchana kweupe, mbele ya viongozi.

Wakati huohuo Nachingwea ilipokea wageni ambao hadithi yao inastahili nafasi kubwa katika historia ya ndoa za eneo hili. FRELIMO, harakati ya ukombozi wa Msumbiji iliyoundwa Dar es Salaam tarehe 25 Juni 1962 na kuanza vita Septemba 1964, iliweka kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi na siasa hapo Nachingwea. Mwaka 1967 wasichana 25 walipelekwa kambini kufunzwa silaha, wakawa chanzo cha kikosi cha wanawake. Mmoja wao alikuwa Josina Muthemba. Mei 1969 aliolewa na Samora Machel, kamanda wa FRELIMO, huko Tunduru, kwenye kituo cha elimu cha chama. Alifariki Dar es Salaam tarehe 7 Aprili 1971, akiwa na umri wa miaka 25. Mei 1975 Samora akaanza safari ya kurudi nyumbani kuelekea uhuru wa nchi yake, akitokea upande huu wa Ruvuma.

Katika kambi hizo ngoma ilikuwa sehemu ya mafunzo. Mmakonde, Mmakua, Mnyanja na Mshangaani walichezeshwa ngoma za wenzao ili wajione kuwa taifa moja, na ngoma zilizokuwa za wanaume tu au za wanawake tu zilianza kuchezwa kwa kuchanganyika. FRELIMO ilikuwa kali juu ya jando na unyago, wakati mwingine kupita kiasi, kwa sababu iliona humo kumnyenyekeza mwanamke. Ndoa ya mapambano ilikusudiwa iwe ya wenzi walioshiriki kazi moja na mafunzo mamoja. Wananchi wa Nachingwea waliishi jirani na kambi hiyo kwa takriban miaka 10. Wazo la kwamba mwanamke na mwanamume waweza kufundishwa pamoja, uwanja mmoja, na mwalimu mmoja, lilifika hapa kwa buti na bunduki kabla halijafika kwa video za harusi.

Miaka iliyofuata naipita haraka. Vijiji vya ujamaa viliwakusanya watu kando ya barabara, na uwanja wa ngoma ukawa jirani na ofisi ya kijiji. Redio Tanzania Dar es Salaam ilipiga NUTA Jazz, bendi iliyoanza 1964 na ambayo mtindo wake, msondo, ulichukua jina la ngoma ndefu ya unyago. Bendi ya mjini ilikuwa imekopa kwa makungwi. Jimbo Katoliki la Nachingwea, lililoundwa 1963, likabadilishwa jina kuwa Lindi mwaka 1986. Ruangwa ikatoka ndani ya Nachingwea, ikawa wilaya mwaka 1995. Katika muongo huo kamera za video zilianza kuzunguka harusini, na mikanda yake ikaonyeshwa sebuleni kwa ndugu. Harusi ya Dar es Salaam, yenye ukumbi, keki ya ngazi, shampeni na kufungua muziki, ikaonekana Nachingwea na Ruangwa kwa picha kabla ya kuonekana kwa macho. Bongo Fleva ikaleta nyimbo za mapenzi za Kiswahili zenye mwendo wa polepole, na kijana wa Mtwara, Harmonize, akaufanya Umakonde kuwa fahari ya jukwaani.

Fedha ya harusi hizo hutoka mtini. Korosho huvunwa na kuuzwa kuanzia Oktoba, ufuta katikati ya mwaka, na kalenda ya harusi hufuata minada ya vyama vya ushirika. Mwaka 2018, wakulima walipowagomea wanunuzi kwa bei ndogo na Rais Magufuli akaamuru serikali inunue kwa shilingi 3,300 kwa kilo huku jeshi likisomba mzigo, malipo yaliyochelewa yalichelewesha mambo mengi ya nyumbani, na harusi ni mojawapo ya mambo ya nyumbani yasiyofanyika bila fedha.

Sasa kwenye maandalizi yenyewe. Kamati hukaa vikao, kila kitu kikapewa fungu lake: ukumbi au turubai, chakula, mapambo, mshereheshaji, muziki, picha. Mwingilio wa maharusi na wapambe hufanyiwa mazoezi, kwa sababu wapambe ni wengi na aibu yao ni ya wengi. Muziki wa kufungua huachiwa maharusi, nao huuachia siku yenyewe. Hapo ndipo ninapotaka tubadilike.

Wimbo huchaguliwa kwa maneno yake, jambo ambalo naliona kosa. Maneno matamu yaweza kukalia mwendo usiochezeka kwa mtu asiyezoea, na wimbo wa dakika nne ni safari ndefu kwa wanaoanza. Bora maharusi wautembee kwanza wimbo huo, hatua moja kwa kila pigo, chumba kizima kwenda na kurudi. Ukitembeleka, utachezeka. Kisha mpiga muziki aombwe aukate ufike dakika mbili, mahali palipopangwa, asije akaukatiza katikati ya mzunguko. Waltz nayo, ambayo wengi huiogopa kwa sababu ya hesabu yake ya tatu, haiko mbali na masikio ya kusini: ngoma zetu nyingi hutembea kwa mapigo ambayo mguu mmoja waweza kuyahesabu kwa mbili na mkono ukayahesabu kwa tatu. Aliyecheza ngoma utotoni anayo waltz mwilini, ila hajaambiwa.

Yapo mambo ya uwanja ambayo video za mjini hazifundishi. Harusi nyingi hufanyika nyumbani, chini ya turubai, juu ya udongo. Kisigino chembamba huzama, zulia hujikunja, vumbi hupanda kwenye shela. Watu wa ngoma walijua la kufanya: uwanja unafagiliwa, unamwagiwa maji mapema na kushindiliwa. Gauni la kukodi mara nyingi huvaliwa kwa mara ya kwanza siku ileile, na mkia wake ndio unaomtega bibi harusi anapogeuka. Basi wakati wa mazoezi afunge khanga mbili ndefu kiunoni ziburuzike nyuma, ajue mapema ni mkono upi utakaoziinua. Viatu vya siku hiyo vivaliwe kwenye mazoezi. Bwana harusi ajue kwamba koti la suti likifungwa kifungo halimruhusu kuinua mkono juu sana, aamue kama atalifungua.

Lililo gumu zaidi ni wapi na mbele ya nani. Wachumba kukutana wawili faraghani ili wajifunze kukumbatiana ni jambo ambalo wazee wa Nachingwea na Ruangwa, Waislamu kwa Wakristo, wana haki ya kulitilia shaka. Jibu la heshima lipo katika desturi zilezile: somo. Mazoezi yafanyike jioni kabla ya giza, nyumbani kwa shangazi au mama mdogo, somo wa bibi harusi akiwa amekaa pale. Yeye alimfundisha huyo mwali; anajua mwili wake unapojikunja kwa woga na unapolegea. Akimtazama bwana harusi kwa dakika chache ataona ni nani anamsukuma nani. Na upande wa kijana naye aje mjomba au kaka, ili maneno ya kukosoa yasitoke upande mmoja. Sheria ya Ndoa ya 1971 inawataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku zisizopungua 21 kabla, na makanisa yana matangazo yake ya Jumapili. Hizo ni wiki tatu. Jioni mbili kwa wiki zatosha kwa hatua nne, mzunguko mmoja na namna ya kumaliza.

Kuna familia ambazo hazitaki maharusi wacheze mbele ya wanaume na wanawake waliochanganyika, na hilo lizungumzwe kwenye kikao cha kwanza, lisiachiwe mshereheshaji aliyetoka nje ya wilaya. Bibi harusi anaweza kucheza na wenzake wa kike ndani, kama zamani. Maharusi wanaweza kuingia kwa dufu na kaswida wakaketi. Wanaochagua kufungua muziki wapange pia kinachofuata. Wimbo wa taratibu ukiisha kwa ghafla, ukumbi hupoa. Ukiingizwa mara moja kwenye ngoma, mama wa pande zote mbili huinuka na vigelegele, noti zikaanza kuwatunza maharusi, na waliokuwa wakitazamwa wakawa katikati ya wenzao.

Wapiga ngoma wa unyago bado wapo katika vijiji vingi vya wilaya hizi mbili, na makungwi wapo. Hukodiwa msimu wa likizo, wali wanapotolewa, na kwa muda uliobaki ujuzi wao hukaa bure. Kamati inayotenga fedha kwa mapambo ya meza itakayokaliwa kwa saa nne inaweza kutenga fungu dogo la kumlipa kungwi mmoja na kijana mmoja wa kwaya au wa kikundi cha ngoma kwa hizo jioni sita, na kuliandika kwenye daftari la bajeti kwa jina lake: mwalimu.